Doumi wa Maonyesho

Pyo Insuk alikuwa na jambo moja tu la kujivunia maishani, na kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa amelifumbia mdomo. Jumamosi ile alikusudia kulisema. Wakwe, wazazi wa mchumba wa bintiye, walikuwa wanatoka Andong kuja Daejeon kuonana na upande wa mwanamke, kama ada ilivyo kabla siku ya arusi haijapangwa, na Insuk, mjane mwenye mashine ya kusaga na duka la mikate ya mchele sokoni, alijua fika kwamba mezani atakuwa peke yake mbele ya mwalimu mkuu mstaafu na mkewe aliyesoma chuo. Hana mume wa kumsemea. Hana shahada hata ya kufungia vitumbua. Lakini alikuwa doumi, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Ndivyo alivyodhani, maskini.

Mwaka ule wa Maonyesho, elfu moja mia tisa tisini na tatu, dunia nzima ilikuja Daejeon. Mji uliokuwa unajulikana kwa stesheni ya treni na bakuli la tambi za supu uliamka ukakuta mabanda ya mataifa yamesimama kando ya mto, mnara umechomoza katikati, na daraja jipya limevuka maji kuwaingiza watu. Ili wageni wasipotee, wakubwa waliamua kutafuta mabinti wa kuwaongoza, na wakaona maneno yote yaliyokuwepo hayatoshi. Kiongozi wa wageni? La kizamani. Mhudumu? La hotelini. Basi wakatunga neno jipya kutoka katika lugha yao wenyewe, doumi, yaani mtu wa kukusaidia, na neno hilo siku lilipozaliwa halikuwa na doa. Mabinti walioomba walikuwa wengi kupita kiasi. Walichujwa kwa kimo, kwa lugha za kigeni, kwa namna ya kutembea, mpaka kwa meno. Insuk, binti wa msaga mchele, alipita.

Mtaani kwao walitundika bango juu ya kichochoro kumpongeza, jina lake na la baba yake yakiwa na herufi kubwa kama za mgombea ubunge. Mzee Pyo aligawa mikate ya mchele bure siku ile, yeye ambaye kwa kawaida hakupunguza hata senti kwa shemeji yake. Wanawake waliokuwa wakimwita Insuk "yule mrefu" wakaanza kumsalimia wao kwanza. Akivaa sare na kofia yake, watoto walimfuata mpaka kituo cha basi. Kijana mmoja fundi umeme, Tak kwa jina, alipanga foleni kwenye banda lake siku nne mfululizo, na siku ya tano, foleni ilipofika mbele, alisahau kabisa alichotaka kuuliza. Huyo ndiye aliyemuoa.

Maonyesho yalipokwisha, mataifa yalifungasha virago. Mabanda yalibaki, mengine yakapewa kazi nyingine, mengine yakala kutu, mwishowe karibu yote yakabomolewa. Hilo Insuk angelivumilia, maana chuma ni chuma. Kilichomuuma ni neno. Neno doumi halikubomolewa, liliachwa wazi bila mlango, na kila aliyepita alilichukua. Kwanza walilichukua wenye maduka: duka jipya likifunguliwa, mabinti wawili wenye kaptula fupi wanacheza mbele ya mlango kwa muziki wa kupasua masikio, nao wanaitwa doumi. Kisha likaenda kwa wafanyakazi wa ndani na wauguza wazee, na hapo Insuk hakuwa na ubaya nalo, ni kazi ya haki. Kisha likashuka ngazi ya mwisho. Likaingia kwenye vyumba vya karaoke, likawa jina la wanawake wanaoitwa kwa simu waje kukaa na wanaume walevi, wawamiminie pombe, waimbe nao, washikwe wanaposhikwa, kwa malipo ya saa. Na huko ndiko lilikonenepa. Leo ukimwambia kijana yeyote wa nchi ile "doumi", bila neno jingine, jicho lake linacheka kabla ya mdomo.

Picha ya Insuk na sare yake ilikuwa imetundikwa dukani, juu ya mtungi wa mafuta ya ufuta. Siku moja mteja, mwanamume mwenye ndevu za kijivu na mke nyumbani, aliitazama, akasoma maandishi ya chini, akauliza huku akipokea unga wake wa pilipili, "Kumbe mama ni doumi? Saa moja bei gani?" Wenzake wawili wakacheka. Insuk alimrudishia chenji. Jioni ile aliishusha picha kwa mikono yake mwenyewe, akatundika kalenda. Narae, mwanawe, alikuwa mdogo wa kubebwa mgongoni.

Tak naye alichoka kutaniwa na mafundi wenzake. Alikuwa mtu mwema alipokuwa hajanywa. Akinywa, ilikuwa kila mtu kivyake. Kuna jioni alirudi akasimama uani akapaza sauti, majirani wote wakisikia, "Nimeoa doumi mimi! Nyinyi mnalipa, mimi nimeoa!" Aliona amejibu mapigo. Asubuhi hakukumbuka, au alijifanya hakumbuki, naye Insuk hakumkumbusha. Watu wa Daejeon ndivyo walivyo, hata nchi nzima inawacheka: hawasemi ndiyo, hawasemi hapana, ukiwakanyaga mguu watakuuliza kama hujaumia. Tangu jioni ile neno halikutamkwa tena ndani ya nyumba ile. Hata kabla ya hapo, Narae akiwa bado mdogo na shule ikiwapeleka watoto kwenye mnara wa Maonyesho, Insuk alimfungia chakula, akamwambia ashike mkono wa mwenzake asipotee, basi.

Sasa Tak alikuwa amekufa, Mungu amsamehe, na mtoto anaolewa. Insuk aliona kifungo chake kimekwisha.

Ijumaa mchana Narae aliwasili kwa treni kutoka Seoul. Alimkuta mama yake akikata mikate mirefu ya mchele iliyokuwa bado inafuka, akavaa aproni bila kuambiwa, akaanza kuipaka mafuta. Alikuwa binti mzuri, hilo hata adui angekiri. Alimpigia mama yake simu kila siku. Kila baridi ilipoanza alimletea soksi nene, na akija alimkanda miguu, akimwambia, "Mama, umeteseka vya kutosha."

"Kesho unavaa nini?" Narae akauliza.

"Ile ya buluu ya arusi ya binamu yako."

"Nzuri. Na nywele?"

"Nywele zipo kichwani, zitakwenda na mimi." Insuk alifuta kisu. "Nimefikiri la kusema. Wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya kuolewa, nitawaambia."

Mikono ya Narae ilisimama. "Utawaambia nini?"

"Kwamba nilikuwa doumi. Nitasema nini tena, rubani?"

"Mama, tafadhali. Usiseme hilo."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Nimeiba?"

"Nani kasema umeiba?"

"Nimeua mtu?"

"Mama, mimi sina neno. Taeyun hana neno, anakuheshimu vilevile. Lakini wazazi wake ni watu wa Andong, wanasafisha kaburi la babu wa babu yao kila mwaka. Kuna mambo yakishapita mtu anayaacha yapite."

Insuk aliona hasira inampanda mpaka masikioni. Aliisikia sauti ya marehemu mumewe ndani ya kinywa cha mtoto. "Umekuwa kama baba yako. Na yeye aliona haya. Alipokuwa ananitafuta hakuona haya, anapanga foleni siku nne na wanaume wenzake, jua kali, anangoja zamu yake kwangu."

Narae alifumba macho. "Mama, sitaki kujua."

"Hutaki kujua mama yako alivyoolewa?"

"Nataka wewe upumzike. Nataka kesho ule samaki, ucheke, urudi nyumbani. Nakuomba. Niahidi."

Machozi yalikuwa yamemjaa machoni, na Insuk, ambaye hakujua machozi hayo ni ya nini, alidhani ni ya binti anayeogopa kuchekwa na mama mkwe. Akaahidi. Aliahidi kwa kunyamaza, kama wanavyoahidi watu wa kwao, halafu akarudi kukata mikate kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Alasiri ile wakaja wanawake wawili wa karaoke, wa jengo la nyuma ya soko, wanaonunua mikate yao kabla ya kwenda kazini. Insuk aliwapimia sawasawa, hakuwaibia. Lakini kwa wateja wengine wote alirudisha chenji kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Kwa hawa aliitupa juu ya meza. Moyoni aliwaita wezi. Hakujali wanafanya nini na miili yao, alijali walichofanya na neno lake. Mmoja wao alisema ahsante, dada. Insuk akageuka kutazama mashine. Narae aliyaona yote, na alimtazama mama yake kwa huruma ambayo Insuk hakuiona.

Jumamosi mchana walikutana kwenye chumba cha faragha cha mkahawa wa vyakula vya asili, meza ndefu, sahani ndogondogo zisizo na idadi. Bwana Geum, babake Taeyun, alikuwa mwembamba, amenyooka, na kila neno lilimtoka kama limepewa ruhusa. Mkewe alikuwa kinyume chake. Mama Taeyun alikuwa mnene, mchangamfu, na kabla supu haijafika alikuwa amekwisha kusifu nywele za Insuk, nguo ya Insuk, mji wa Insuk na kachumbari ya mkahawa.

Taeyun alikaa karibu na Insuk. Alimmiminia maji kwa mikono miwili, akamtolea miiba samaki, akamsogezea kila kilicho laini. Tangu siku ya kwanza alipoletwa nyumbani alikuwa hivyo, na Insuk alikuwa akisema kwa majirani kwamba huyu kweli amelelewa. Mtu akigusia mambo ya zamani, Taeyun aliyageuza haraka. Hilo nalo Insuk alilihesabu kuwa adabu.

"Mkwe, Taeyun ametueleza," Mama Taeyun alisema, "kwamba ulikuwa mwalimu wa chekechea kabla ya kuolewa. Nikamwambia baba yake, unaona? Ndiyo maana Narae ana utulivu. Mtoto wa mwalimu hajifichi."

Insuk alimtazama mwanawe. Narae alikuwa anachungulia bakuli lake la wali kana kwamba kuna kitu kimeangukia mle. Mwalimu wa chekechea! Insuk hakuwahi kumfundisha mtoto wa mtu hata kupenga kamasi. Akajibu kwa njia ya kwao, "Zamani mtu unafanya mengi."

"Ee, kweli kabisa," Taeyun akadakia. "Mama, jaribu huu uyoga."

Na ingeishia hapo. Insuk angekula uyoga, ahadi ingetimia, arusi ingepangwa, kila mtu angelala na uongo wake. Lakini Mama Taeyun hakuwa mtu wa kuacha sekunde ipite bure.

"Nakwambia, mji huu nina historia nao," alisema. "Tulikuja mwaka wa Maonyesho. Nilikuwa na mimba ya dada yake Taeyun. Jua lile, foleni ile, wee. Nikadondoka chini kama gunia. Mwalimu hapa anapiga kelele maji, maji, hajui hata maji yanauzwa wapi."

"Sikupiga kelele," alisema Bwana Geum.

"Ulipiga. Akaja msichana mmoja, doumi, na kofia yake, akanishika kichwa akakiweka mapajani mwake na sare ile nyeupe, mimi natapika. Hakukunja hata uso. Nilimwambia mwalimu, nikizaa binti, naomba awe kama wale. Hata ikawa hivyo, lakini binti mwenyewe ni mfupi." Akacheka, kisha akashusha sauti kidogo. "Siku hizi neno lenyewe huwezi kulitaja mbele za watu. Wamelichafua. Lakini sisi tuliokuwepo tunajua. Wakati ule kusema doumi ilikuwa sawa na kusema malkia."

Insuk aliweka kijiko chini. Kwa miaka yote ile alikuwa amejiandalia namna ya kulisema, maneno mazuri ya kutosha, na sasa yalimpotea yote isipokuwa manne.

"Mimi nilikuwa mmoja wao."

"Mama!" Narae alisema.

Taeyun alikwisha kuweka mkono wake juu ya mkono wa Insuk. Uso ulikuwa umemwiva, lakini sauti aliilazimisha iwe tulivu, sauti ya kijana aliyejiandaa kwa siku hii. "Mama, huna haja ya kujieleza. Hakuna hapa wa kukuhukumu." Akawageukia wazazi wake. "Baba, mama, nilidanganya mimi, msimlaumu yeye wala Narae. Mambo ya chekechea niliyatunga mimi. Zamani maisha yalikuwa magumu. Mwanamke hana elimu, hana mtaji, anafanya kazi anayoipata. Mimi naona ni ushujaa. Amemlea Narae kwa heshima, na kwangu yaliyopita yamepita."

Mama Taeyun alimtazama mwanawe kama anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. "Kazi ngumu ipi unayoisema? Ya kuvaa kofia?"

"Kofia gani?"

"Ya Maonyesho. Mtoto wewe, umekunywa?"

Taeyun akamgeukia Narae. "Uliniambia alikuwa doumi."

"Ndiyo," Narae alisema, kwa sauti iliyokuwa inakwisha.

"Doumi wa Maonyesho," Insuk alisema. Alikuwa bado hajaelewa, na alisema kwa mshangao wa kweli. "Kuna mwingine?"

Mwingine alikuwepo, na kila mtu chumbani alimjua. Insuk aliwatazama mmoja mmoja, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyoelewa, na alipofika kwa Narae alikuwa ameelewa lote. Soksi. Kukandwa miguu. Umeteseka vya kutosha. Uyoga laini, samaki asiye na miiba, mkono wa huyu kijana uliokuwa bado juu ya mkono wake. Aliutoa mkono wake chini ya ule wa Taeyun, akauweka mapajani.

Bwana Geum, aliyekuwa amefundisha vijana maisha yake yote, alishika vijiti vyake. "Kuleni," alisema. "Samaki anapoa."

Wakala. Mama Taeyun aliokoa alichoweza. Alisema vijana wa siku hizi akili zao zimo kwenye simu, akacheka peke yake, akamuuliza Insuk alikuwa banda gani, na walipewa viatu vya aina gani, na ni kweli waliambiwa watabasamu kwa kuonyesha meno manane? Alifurahi kweli, mama yule. Hakuwa anajifanya. Alikuwa amempata malkia wake wa zamani, akawa mkwe wake, na alitaka dunia ijue. Insuk alijibu kila swali. Kila jibu lilikuwa ndilo alilongoja kulitoa tangu aliposhusha ile picha, na kila moja lilikuja limechelewa.

"Lazima twende tukapaone," Mama Taeyun aliamua walipokunywa chai. "Hapa hapa karibu, si ndiyo? Mkwe atatuongoza."

Wakaenda. Walivuka daraja kwa miguu, upepo wa mto ukiwapiga, Mama Taeyun amemshika Insuk mkono na wengine wakifuata nyuma. Mnara ulikuwepo. Daraja lilikuwepo. Kwingine kote kulikuwa na jengo refu la maduka, na watu wakitoka na mifuko, na uwanja ambapo watoto walikuwa wakiteleza na vibao vya magurudumu.

"Mabanda ya nchi za nje yalikuwa wapi?" Mama Taeyun akauliza.

Insuk alinyoosha mkono. Aliunyoosha kama walivyofunzwa, vidole vyote vitano vimebanana, kiganja kikiangalia juu, maana kumwelekeza mgeni kwa kidole kimoja ilikuwa kosa la kupewa onyo. "Pale," alisema, akionyesha maegesho ya magari. "Na kule lilikuwa banda la treni inayoelea. Na hapa tuliposimama foleni ilikuwa inapinda, inazunguka mpaka mtoni. Tafadhali angalieni hatua zenu." Hilo la mwisho lilimtoka lenyewe. Kijana mmoja aliyekuwa akipita alimtazama yule mama anayeonyesha maegesho kwa kiganja, akamkwepa.

"Angalia mkono huo," Mama Taeyun alimwambia mumewe. "Hata leo."

"Naona," alisema Bwana Geum, akainamisha kichwa mbele ya Insuk kwa heshima ambayo haikuwa ya mkwe tu.

Halafu Bwana Geum, kwa akili yake ya kimya, alimwambia mkewe amechoka anataka kukaa, akamtuma Taeyun alete gari. Insuk na Narae walibaki wawili karibu na ukingo wa mto.

"Tangu lini?" Insuk akauliza.

"Kidato cha tatu. Ile siku baba aliposimama uani."

"Na hukuniuliza."

"Ningekuulizaje? Nyumba ile alikuwa haulizwi mtu kitu." Narae alikuwa analia bila kujifuta. "Nilingoja uniambie mwenyewe. Halafu nikawa nakuona unavyowatupia chenji wale wanawake. Nikasema, anawachukia kwa sababu anajiona. Nikasema sitamuumiza zaidi."

"Ukaniona vile miaka yote."

"Nilikusamehe, mama. Siku ile ile nilikusamehe. Sikukuonea haya hata siku moja, Mungu shahidi. Nilisoma kwa bidii ili utoke kwenye ule mvuke wa mikate, ili usije ukahitaji mtu."

Insuk alitazama maji. Alijua mtoto anasema kweli, na ukweli huo ndio uliokuwa mchungu kuliko wote. Angekuwa na mtoto mbaya, angemlaani akapumua. Huyu alikuwa amempenda kwa moyo wote mwanamke mwingine, mwanamke wa karaoke aliyejitoa akalea mtoto, akampa soksi zake na simu zake na machozi yake, na Insuk alikuwa amezipokea akidhani ni zake. Alimwonea wivu mwanamke yule ambaye hakuwahi kuwepo. Yeye mwenyewe, Pyo Insuk, binti aliyepita katika mchujo, hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyewahi kumjua.

"Na Taeyun ulimwambia."

"Sikutaka anioe bila kujua."

"Akasemaje?"

"Alilia. Akasema atakutunza mpaka mwisho."

"Mtoto mzuri," Insuk alisema, na hakuna ambaye angemsikia akasema anatania.

Narae alimshika mkono wa nguo. "Mama, nitalirekebisha. Siku ya arusi, kabla hatujawainamia wazazi, mshereheshaji atasoma. Atasema mama wa bibi arusi alikuwa doumi, mbele ya watu wote. Mama Taeyun naye anataka, umemsikia. Ukumbi mzima utakupigia makofi."

Ukumbi mzima, makofi, jina lake. Kwa pumzi moja Insuk aliiona kama ilivyotakiwa kuwa, na moyo ukamruka. Kisha akauliza, "Wageni wenu ni rika gani?"

"Wengi ni marafiki zetu. Na tunaofanya nao kazi."

"Rika lenu."

"Ndiyo."

Insuk alingoja mtoto afike mwenyewe kwenye jibu, na aliona alipofika, maana mkono ulilegea kwenye nguo.

"Tutasema doumi wa Maonyesho," Narae alisema. "Tutaeleza. Mwaka gani, banda gani, tutaeleza vizuri."

"Wewe ungekuwa mgeni, ukasikia mama wa mtu anaelezewa hivyo, kwa kirefu, kabla chakula hakijaja, ungefikiri nini?"

Gari la Taeyun lilikuwa linapinda polepole kutoka upande wa maduka, taa zikiwaka ingawa ulikuwa mchana.

"Sema nauza mikate ya mchele," Insuk alisema. "Hiyo hakuna wa kuielewa vibaya."

Taeyun aliteremka mbio akazunguka gari, akamfungulia mlango wa nyuma, akainama chini kuliko siku zote. Insuk alipita mbele yake, akaingia, akajifunga mkanda.